Baniani Hana Kaburi

Kijana mmoja wa Kitengela, ambaye ni msomaji wa ukurasa huu, aliniletea salamu pamoja na habari. Alisema kwamba huko Kisaju, kwenye njia iendayo Namanga, yapo magofu ya Wahindu ya zamani, na kwamba mimi nipendaye kuandika mambo ya kale ingenipasa niende nikayaone. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona. Alisikia kwa mwenzake, na mwenzake alisikia kwa mwingine. Wazee wetu walisema la kuambiwa changanya na lako, basi nikafunga safari.

Msomaji wa Pwani asiyeijua Kisaju na aione hivi. Unapotoka Nairobi unapita Athi River, kisha Kitengela yenye maduka na makelele, halafu unashika barabara inyookayo kusini kuelekea mpaka wa Tanzania. Baina ya Kitengela na Isinya ndipo ilipo Kisaju. Ni uwanda wa nyasi fupi na miti ya miiba, na upepo wake hauna haya, humvua mtu kofia mchana kweupe. Hii ni nchi ya Wamasai wa Kaputiei. Zamani ng'ombe na nyumbu walilisha pamoja, na hii leo kila upande pana nyaya, nguzo na vibao vya kuuza viwanja.

Nilizunguka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sikuona hekalu, wala nguzo, wala jiwe lililochongwa. Hatimaye nikakaa kwenye kibanda cha chai, na hapo ndipo nilipopata kitu ambacho sikukwenda kukitafuta.

Swali la Kisaju

Kwenye benchi alikuwapo mzee wa Kimasai, umri wake hapana shaka umepita miaka themanini, amejifunga shuka nyekundu na fimbo yake ameilaza mapajani. Tukaamkiana. Alipoiona kofia yangu akajua nimetoka wapi.

"Mswahili, umepoteza nini huku kwetu?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, natafuta nyumba ya ibada ya Wahindu. Nimeambiwa ilianguka zamani."

Akacheka taratibu. Akaniambia kwamba hapo alipokaa hakupata kuona nyumba kama hiyo, lakini Wahindi aliwajua. Alipokuwa mtoto baba yake alimchukua kwa miguu hadi Kajiado, na huko ndiko walikonunua sukari, majani ya chai, shanga na nguo nyekundu. Muhindi mwenye duka alikijua Kimasai sawasawa, na alimjua baba yake kwa jina.

Hapo nikauliza swali ambalo kila mtu wa Pwani angeliuliza. Nikasema, "Ikiwa walikaa huku miaka yote hiyo, makaburi yao yako wapi?"

Mzee akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Na sisi je? Babu zangu hawakuzikwa. Walilazwa porini. Kwa hiyo hatukuwapo?"

Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba Wamasai wa zamani hawakuwa wakiwachimbia watu wao makaburi. Maiti ililazwa nyikani, ikarudi katika nchi kwa njia yake. Ni wakubwa wachache tu, kama vile laiboni, waliofukiwa na kurundikiwa mawe, na kila apitaye huongeza jiwe lake moja. Mtu akienda Kaputiei na daftari la makaburi ataandika kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe. Na si mzaha huo, kwani Wazungu waliandika hivyo hivyo. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911 Wamasai waliondolewa kwenye malisho yao bora, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, walishindwa.

Basi nilirudi Mombasa bila ya magofu, lakini na swali. Je, mtu asiyeacha kaburi huacha nini?

Sisi na mawe yetu

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuisoma historia katika mawe. Ukienda Gede utaonyeshwa kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Ukienda Malindi, Mnarani, Takwa au Kunduchi utaziona nguzo za makaburi ya masharifu na masultani. Dini yetu haipendi makaburi ya fahari, hilo twalijua, lakini wazee walijenga, na leo mawe hayo ndiyo hati zetu. Mtu akituuliza mlikuwapo lini, twamshika mkono tukampeleka makaburini.

Baniani hana hati ya namna hiyo. Na kabla sijaendelea nataka tuelewane juu ya jina. Sisi huwaita wote Wahindi, lakini twajua kwamba ndani yao wamo Waislamu wenzetu, Mabohora, Makhoja, Mamemoni na Wapunjabi wa Kisunni. Wamo Makalasinga wenye vilemba. Na wamo Wahindu, ambao Waswahili tangu zamani tumewaita Mabaniani. Hao ndio ninaowasema leo.

Mhindu akifa huchomwa moto, na majivu yake hutiwa mtoni au baharini. Watoto wachanga na watawa ndio ambao aghalabu huzikwa. Kwa hiyo familia ya Kihindu inaweza kukaa mahali miaka mia, ikazaliwa, ikaoa, ikafa, na ikiondoka isiache hata kifusi kimoja cha kumwonyesha mpita njia. Kama walikuwa na kaburi hapo, basi huenda likawa la mtoto mchanga ambaye hakupata kutajwa popote.

Waliokuwapo kabla ya Mreno

Na bado walikuwapo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498 alikuta bandarini vyombo vinne vya watu wa India. Wareno waliwaona watu hao si Waislamu, hawali nyama ya ng'ombe, na walipoonyeshwa sanamu ya Bibi Mariamu waliisujudia. Wareno wakafurahi, wakaandika katika kitabu chao cha safari kwamba wamewakuta Wakristo! Siku chache kabla ya hapo, Mombasa, wajumbe wawili wa da Gama walipelekwa kwenye nyumba ya wafanyabiashara wa namna hiyo hiyo, wakaonyeshwa picha kwenye karatasi, wakadhani ni ya Roho Mtakatifu. Kosa hilo waliendelea nalo hadi Calicut, ambako waliingia hekalu la Kihindu wakaomba humo wakidhani ni kanisa.

Msomaji atacheka, lakini ayaangalie maneno hayo kwa makini. Mombasa na Malindi ilikuwa miji ya Waislamu, yenye misikiti na makadhi. Ndani yake Baniani alikuwa na nyumba, ana biashara, ana picha ya ibada yake, na hakuna aliyemfukuza. Hilo limeandikwa na mgeni ambaye hakuelewa anachokiona, na kwa sababu hiyo hakuwa na haja ya kulipamba.

Ukichimba ardhini zaidi utakuta vitu vidogo. Huko Gede, mzee James Kirkman alipochimbua ule mji tangu mwaka 1948, alikuta katika nyumba moja taa ya chuma iliyotoka India, na nyumba yenyewe ikaitwa kwa jina la taa hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mtaalamu Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980 mji ambao misikiti yake ilijengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Na katika mji huo wa Waislamu akapata simba mdogo wa shaba, umbo lake la Kihindi, anayefanana na vinyago vinavyotumiwa Deccan katika ibada za Kihindu. Simba huyo ana umri wa miaka mia tisa hivi. Kilwa nako yamepatikana mawe ya marumaru yaliyochongwa Khambhat, katika nchi ya Gujarat, kwa ajili ya Waislamu wa ng'ambo. Mafundi wa huko walikuwa warithi wa ufundi ule ule uliopamba mahekalu.

Baniani wa daftari

Zama za Sayyid Said ndizo zilizomleta Baniani katikati ya mambo. Mabhatia wa Kutch, hasa wa bandari ya Mandvi, walikuwa wamekwisha kujenga biashara Muscat, na Sayyid alipohamishia makao yake Unguja walifuatana naye. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja tangu miaka ya 1830 hadi miaka ya 1880, ukiondoa miaka michache ambayo aliishika Taria Topan, Khoja. Maana ya kukodi ni kwamba Baniani alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka, kisha yeye ndiye aliyekusanya ushuru wa bandari zote za pwani. Ladha Damji, aliyesimamia nyumba hiyo Unguja, ndiye ambaye Livingstone na Stanley iliwabidi wapitie kwake ili wapate bidhaa na wapagazi wa kwendea bara.

Mabwana hao walitajirika, lakini hawakujenga majumba ya milele. Dini yao iliwakataza kuvuka yale waliyoyaita maji meusi, na aliyevuka alitakiwa kujitakasa atakaporudi. Wake zao waliwaacha Kutch. Wenyewe walikaa Unguja miaka, wakala mboga zao, wakaandika hesabu zao, kisha wakarudi kwao kama wasemavyo mabaharia, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu ambaye moyo wake umo safarini hachimbi msingi.

Kitu alichokiheshimu Baniani kuliko jiwe ni daftari. Wafanyabiashara wa Kigujarati, ifikapo Diwali, hufunga hesabu za mwaka uliopita na kuzifanyia ibada daftari mpya kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Sisi twasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sidhani kwamba methali hii tungeliipata kama tusingelikaa mlango kwa mlango na watu hao.

Lakini tusipake rangi ukuta mbovu. Daftari hizo ziliandika pia madeni yaliyowafilisi Waarabu na Waswahili, mashamba ya mikarafuu yaliyowekwa rehani, na fedha zilizokopeshwa misafara iliyorudi na pembe pamoja na watumwa. Wahindi wenyewe walimiliki watumwa, hata mwaka 1860 Balozi wa Kiingereza, Rigby, akawalazimisha kuwaacha huru maelfu ya watu. Dhambi hiyo hawakuwa nayo peke yao. Ilikuwa yetu, yao na ya Waarabu, na anayetaka kumhukumu mwenzake na aanze na nyumba yake.

Karai la Mackinnon Road

Kila mtu wa Mombasa aliyepata kusafiri kwenda Nairobi anakijua kituo cha Mackinnon Road. Kando ya reli upo msikiti, na ndani yake kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa makuli wa reli, aliyefariki mwaka 1902. Yasemekana kwamba alipobeba karai la kokoto, karai hilo lilielea juu ya kichwa chake bila ya kumgusa. Madereva hupiga honi, wengine husimama wakatoa sadaka na kumsomea Fatiha. Mimi mwenyewe nimesimama hapo mara nyingi.

Sasa na tukumbuke hesabu ya reli ile. Tangu mwaka 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901 waliletwa kutoka India vibarua na mafundi 31,983. Kati yao walikufa 2,493, kwa malaria, kuhara, vidonda, ajali, na wengine kwa simba wa Tsavo ambao ngozi zao ziko Chicago hadi leo. Waliobaki katika nchi hii baada ya kazi walikuwa 6,724. Waliokuja walikuwa Waislamu wengi, Makalasinga, na Wahindu. Waislamu walizikwa. Makalasinga walijenga hekalu Makindu mwaka 1926, na humo msafiri wa dini yoyote hukaribishwa chakula bure. Mhindu aliyekufa karibu na Voi au Tsavo alichomwa kwa kuni za nyika, kwa taratibu ya dini yake, na upepo ukachukua kilichobaki.

Karai la Sayyid Baghali twalijua kwa sababu kaburi lake lipo. Lakini ni makarai mangapi yaliyobebwa na watu ambao hawana pa kusimamia? Reli yenyewe, tangu Kilindini, ikipita nyanda za Athi karibu na hiyo Kitengela, hadi ziwani, kila taruma lake ni jiwe la kaburi la mtu. Na lile tawi litokalo Konza, likapita Kajiado na kufika Magadi mwaka 1915 kwa ajili ya magadi ya ziwa, ndilo lililoupa uhai mji wa Kajiado, ambao jina lake kwa Kimasai lina maana ya mto mrefu.

Hekalu lilikuwa dukani

Hapa narudi kwa yule mzee na duka la Kajiado. Serikali ya kikoloni iliwazuia Wahindi wasimiliki mashamba katika nyanda za juu, na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukalitia muhuri jambo hilo. Wakabakiwa na miji na vituo vya biashara. Ndiyo maana ukaliona duka la Muhindi kila palipokuwa na ofisi ya serikali, kisima au stesheni, likiwa la mabati, lina baraza mbele, ghala nyuma, na familia ikilala baina ya magunia.

Mwenye duka wa Kihindu katika kituo kidogo hakuwa na uwezo wa kujenga hekalu. Alichokuwa nacho ni rafu ndogo ukutani, juu ya meza ya hesabu, yenye picha ya Lakshmi au ya Ganesh, udi, ua moja na kitaa cha samli. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango aliwasha. Hilo ndilo lililokuwa hekalu la Mabaniani katika nchi ya bara. Msomaji wa Lamu ataelewa upesi nikimwambia kwamba kazi ya rafu ile haikuwa mbali na zidaka zetu, zile tundu za ukutani tunamoweka vitu vya heshima.

Kisha ikaja mwaka 1967 Sheria ya Leseni za Biashara, na ilipoanza kutumika mwaka 1968 wasiokuwa raia wa Kenya walikatazwa kufanya biashara nje ya maeneo fulani ya miji mikubwa. Wahindi wengi walikuwa na pasi za Kiingereza na hawakuchukua uraia. Uingereza nayo, mwezi wa Machi mwaka huo huo, ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango. Wakakimbilia viwanja vya ndege. Duka baada ya duka katika vituo vya bara likabadilisha mikono. Sikatai kwamba Mwafrika alistahili nafasi yake katika biashara ya nchi yake, na wengi waliolalamikia bei za Muhindi walikuwa na haki. Nasema tu kilichotokea. Mwenye duka mpya alipoingia alikuta msumari ukutani na alama nyeusi ya moshi. Akapaka chokaa, akaweka mafuta ya taa na sabuni. Likawa gofu la Kihindu, nalo halikuanguka. Lilipakwa chokaa tu.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba mwaka huo huo wa 1968 ndio iliyotungwa sheria ya ranchi za jumuiya, iliyowapa Wamasai ardhi kwa makundi. Baadaye ranchi zikagawanywa, na viwanja vikauzwa. Kwa hiyo yule mzee wa Kisaju amekaa kwenye benchi akitazama nyaya zikipita juu ya mahali walipolazwa babu zake, na hakuna jiwe la kumwonyesha mnunuzi. Sasa naelewa kwa nini aliniuliza vile. Kwangu mimi swali la makaburi lilikuwa la udadisi. Kwake yeye lilikuwa la haki ya mtu kuwa kwao.

Kiatu chake dawa

Sisi tuna methali, baniani mbaya kiatu chake dawa. Twaitumia kila siku bila ya kufikiri. Maana yake, mtu humpendi lakini huachi kumwendea kwa haja zako. Nimeisikia tangu chuoni, na mwalimu wetu aliifafanua kwa kicheko. Siku hizi nikiisikia naona kwamba methali hiyo inatusema sisi kuliko inavyomsema Baniani. Ndani yake tumekiri kwamba tunamhitaji, na katika pumzi hiyo hiyo tumemnyima shukurani.

Tazama vinywa vyetu. Pesa ni neno lake. Laki ni lake, hundi ni lake, bima ni lake, gari ni lake, na bepari, ambalo wanasiasa walilitumia kumtukania, nalo ni la kwake. Mwanamke wa Kiswahili hapiki wiki nzima bila ya chapati. Ukisimama Unguja mtaa wa Hurumzi utaliona hekalu la Kihindu likiwa limesimama juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, na sauti ya adhana inapita juu yake mara tano kwa siku. Muscat nako, karibu na kasri la Alam, lipo hekalu la Shiva, ambalo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alilizuru mwaka 2018. Masultani wetu walikuwa Waislamu wenye kuijua dini yao, na hawakuona kwamba imani yao itapungua kwa sababu jirani amewasha taa yake.

Mwezi wa Julai mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Wahindi ni kabila la 44 la nchi hii. Wengine walifurahi na wengine walikejeli, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mimi nilijiuliza iweje watu waliokutwa Malindi mwaka 1498 wahesabiwe leo. Halafu nikakumbuka kwamba hawakuwa na kaburi la kutoa ushahidi.

Na desturi yao wenyewe imeanza kuingia kwa wengine. Alipofariki Profesa Wangari Maathai mwaka 2011, yule aliyetetea miti hadi akapata Tuzo ya Nobel, maiti yake ilichomwa Kariokor, Nairobi, mahali ambapo Wahindu huwachomea maiti wao. Sisi Waislamu hatufanyi hivyo na wala hatutafanya. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba Wangari hakuacha alama Kenya.

Basi ndugu msomaji, nakuomba mambo mawili. La kwanza, kama katika mji wako, uwe Lamu, Malindi, Pangani, Voi au Kajiado, lipo duka la zamani lenye jina la Kigujarati au mwaka ulioandikwa juu ya mlango, liandike kabla halijavunjwa. Muulize mzee aliyebaki jina la mwenyewe na alikotoka. La pili, utakapopita Mackinnon Road na dereva akapiga honi, mwombee Sayyid Baghali kama ada. Kisha itazame reli kwa kimya cha dakika moja, uwakumbuke wenzake ambao hawana mlango wa kubishwa.

Yule kijana wa Kitengela amesubiri jibu langu. Jibu ni kwamba magofu sikuyakuta Kisaju, na bado sikurudi mikono mitupu. Namwachia beti hizi mbili, naye akiweza na anijibu:

Kaburi si ushahidi, wa mtu kuwa mahali,
Wengi walijitahidi, majivu yakenda mbali,
Kazi yao imezidi, zanena reli na meli,
Tuwataje makusudi, wasifutwe mara mbili.

Baniani midomoni, tumemsema hakika,
Kiatu ki miguuni, nacho twazidi kufika,
Pesa na laki vinywani, ni zake twazitamka,
Tuwataje makusudi, wasifutwe mara mbili.